Nikate huu weupe wa pembeni au niuache? Picha mbili za Kijapani zimeletwa kibandani kwangu

FremuTanga

Habari za jioni wanajukwaa. Mimi ni fundi fremu, kibanda changu kiko Ngamiani hapa Tanga, mwaka wa 22 huu nakata mbao na vioo. Kazi zangu ni picha za harusi, vyeti, Kaaba, Ayatul Kursiyyu, na picha za marehemu ambazo watu huzileta zikiwa na ukubwa wa stempu wakitaka zijae ukuta. Humu huwa nasoma tu na kupita. Leo nimekwama.

Jumanne mama mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, kaniletea picha mbili zisizo na fremu, zimeviringishwa ndani ya gazeti la Kijapani. Kazipata Dar, kwa wale wanaofungua makontena ya vitu vilivyotumika kutoka Japani. Yeye alifuata kabati na baiskeli ya mjukuu, picha akatupiwa kama nyongeza. Anataka zote mbili ziwe saizi moja, zikae juu ya makochi, moja huku moja kule, saa ya ukutani katikati.

Ya kwanza ni geti kubwa jekundu la hekalu. Theluji inapiga kwa ubavu, mti mkubwa umeinama, na mwanamke anapita na mwavuli kaushusha mpaka uso hauonekani. Inawaka, ukiingia tu kibandani ndiyo unayoiona. Karatasi yake inateleza.

Ya pili, tuseme ukweli, imepooza. Nyumba ya mbao ya ghorofa moja, rangi ya giza, juu ya paa kuna kitu kama jogoo. Mbele ya nyumba eti ni bustani, lakini haina ua hata moja: mchanga mtupu umepigwa reki mistari, na kando yake lundo la mchanga limekatwa kichwa. Nikamwambia mteja, "Mama, hapa mafundi hawajamaliza, mchanga wa plasta bado uko nje." Tukacheka wote wawili. Anga ni ya kijivu, basi.

Sasa shida. Ya geti haina weupe wa pembeni, ya mchanga ina weupe mpana pande zote nne. Ili zilingane ni lazima nikate huo weupe. Na mimi, kwa haraka zangu, nimeshakata upande wa kushoto. Ule mkanda ulipodondoka mezani ndipo nikaona una maandishi ya kushuka chini na muhuri mdogo. Katika muhuri kuna herufi kama geti lenye mtu ndani, na chini yake kama dirisha la vioo vinne. Hizo mbili tu ndizo nilizoweza kuzishika kichwani, nyingine ni kama miguu ya kuku.

Mkono ukasita. Kisu bado kiko mezani, pande tatu zimebaki. Mteja anakuja Jumamosi. Mwenye kujua anisaidie: hii ni picha ya maana au ni bango tu? Nikate au niache?

KijiweCha_Raskazoni

Fundi, kata umalize kazi. Mteja akitaka saizi moja mpe saizi moja, usimtafutie mteja maneno asiyoyauliza. Na kama ni ya thamani, tuambie bei tuje na bajaji.

ZaituniMvita

Fundi, weka kisu chini kwanza, halafu tuzungumze. Na huo mkanda uliokwisha kuukata usiutupe. Utie ndani ya bahasha sasa hivi kabla mtoto hajaufanyia kishada.

Mimi ni mtu wa Mombasa, Kibokoni, ila mwaka wa tisa huu niko Kyoto. Siku za kazi nahudumia wazee, Jumamosi mchana naenda kwa mzee mmoja anayetufunza kuchapa picha kwa mbao, sisi wanafunzi wanne na paka wake. Kwa hiyo nitakayoyasema si ya kitabuni yote, mengine yamo vidoleni.

Tuanze na herufi zako. Dirisha la vioo vinne husomwa "ta", maana yake shamba la mpunga. Litazame tena utaona majaruba manne. Geti lenye mtu ndani ni "uchi" (usicheke), maana yake ndani. Zikikaa pamoja zinasomwa Uchida. Hilo ni duka la Kyoto lililokuwa likichapisha picha za mbao, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia wageni wengi walinunua kwao picha za mahekalu na bustani za mji huu. Kwa hiyo weupe ule si weupe wa bure. Unajua kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Kata pindo na jina uone kama mama yako ataipokea. Kwa picha hizi pembeni ndipo panapokaa jina la mahali, jina la duka, na kwa maduka mengine hata jina la aliyechonga na la aliyechapa.

Na lile lundo la mchanga! Nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta. Hapo ni Ginkakuji, upande wa mashariki wa Kyoto, dakika 20 kwa baiskeli kutoka ninapokaa. Jina lake ni hekalu la banda la fedha, lakini fedha yenyewe haikupakwa kamwe. Shoguni (mtawala wa kijeshi) Ashikaga Yoshimasa alianza kujenga pale 1482, awe na mahali pa kujitenga na makelele ya utawala. Jogoo wako ni feniksi, ndege wa hadithi, wa shaba. Lundo linaitwa Kogetsudai, urefu wake karibu mita 1.8, juu limekatwa bapa kama Mlima Fuji, na ule mchanga wa mistari ulio kando yake wanauita bahari ya mchanga wa fedha. Husemwa viliwekwa kwa ajili ya mbalamwezi, mchanga urudishe mwanga. Nimewahi kuwaona watunza bustani wakilitengeneza: wanalipiga mchanga mbichi kwa vibao, polepole, kama mtu anayepaka keki. Kwa hiyo fundi hujakosea sana, ni mafundi kweli, ila hawamalizi.

La geti jekundu nalijua bila kuliona. Hekalu ni Zojoji, Tokyo, mtaa wa Shiba, na picha ni ya mchoraji Kawase Hasui, 1925. Geti lilijengwa 1622 na mpaka leo limesimama, ingawa majengo mengi ya hekalu hilo yaliungua kwa mabomu ya 1945. Picha hiyo ilipendwa mno, na kwa sababu imependwa utaiona kwenye kalenda, kwenye vikombe, kwenye mifuko ya kubebea mboga. Uliposema karatasi inateleza moyo wangu ukashuka.

Nifanyie hivi usiku wa leo. Tafuta lenzi, utazame rangi ya geti kwa karibu sana. Ukiona vidoti, hiyo ni ya mashine. Kisha zipindue zote mbili. Watu hutazama uso wa picha, lakini picha ya mbao huongopa kwa nadra sana mgongoni. Halafu zima taa, washa tochi ya simu, iweke pembeni iwe karibu kulala juu ya meza, umulike anga. Utuambie umeona nini.

FremuTanga

Bi Zaituni, Mungu akuweke. Nimefanya kama ulivyosema, na nimechelewa kulala.

Lenzi nimeazima kwa fundi saa jirani yangu, ile ya kubana jichoni. Nikaanza na geti jekundu. Lahaula! Kumbe jekundu lenyewe halipo. Ni vidoti vya waridi na vya njano vimebanana, na hapa na pale cha bluu, kama upele wa tetekuwanga. Theluji nayo ina vidoti vya kijivu. Nikaipindua: nyuma nyeupe, haina habari. Ila kwa chini, pale mtu alipopitisha mkasi, nimekuta vichwa vya namba, 1, 2, 3 mpaka 7, vimekatwa shingoni. Ni kalenda, ndugu zangu. Picha tuliyoisifia ni mwezi wa mtu uliokwisha.

Nikaja kwenye ile iliyopooza. Kidoti hata kimoja. Rangi imelala ndani ya karatasi, si juu yake, kama chai iliyomwagika kwenye kitambaa cha meza. Nikaipindua nikashtuka: nyumba yote iko nyuma pia, imegeuka kushoto kulia, hafifu, na juu yake kuna mikwaruzo ya duara duara inayong'aa kidogo, kama mtu kasugua kwa kitu kigumu kwa mkono mzito.

Kisha nikazima taa, nikalaza tochi. Mistari ya reki kwenye mchanga ikasimama, ukipitisha kidole kwa juu bila kugusa unaona kivuli chake. Anga nikaimulika mwisho, na hapo ndipo nilipokaa kitako. Ile kijivu niliyoiona haina kitu ina nyuzi. Nyuzi za mbao. Zimelala kutoka kushoto kwenda kulia, sehemu moja zinapinda kidogo kama maji yanayopita jiwe, kisha zinanyooka. Miaka 22 natazama nyuzi za mbao kila siku ya Mungu, mninga, msaji, msonobari wa bei rahisi. Sijawahi kuziona angani.

Mke wangu kaniuliza kwa nini nimekaa gizani na picha. Nimeshindwa kumjibu.

Sasa nina swali jingine. Kama ni mbao, mchongaji alichongaje mistari myembamba vile ya reki? Mimi nikipitisha patasi kwenye mbao kwa wembamba huo, nyuzi zinanyanyuka na kupasuka.

NakshiLamu

Assalamu alaykum. Mimi nachonga milango na masanduku hapa Lamu, nilikuwa napita tu lakini hapo kwenye patasi siwezi kunyamaza.

Fundi, kwetu nakshi hufanywa kwa kutoa ardhi. Ua hulichongi, unachonga kila kisicho ua, na ua linabaki limesimama. Nadhani na hao ni hivyohivyo, ila wao wana ugumu ambao sisi hatuna. Mlango nikikosea jani moja naligeuza kuwa tawi, hakuna atakayejua. Mstari wa reki ukivunjika mmoja kati ya mia, kila mtu anauona. Na lazima achonge kinyume, kulia iwe kushoto.

Bi Zaituni, niambie mbao wanayotumia. Mbambakofi hairuhusu kazi hiyo, ina ukaidi. Na je, wanachonga kwenye ubapa wa ubao au kwenye kichwa cha gogo?

ZaituniMvita

Waalaykum salaam kaka. Ni ubapa wa ubao, ndiyo maana fundi kaziona nyuzi. Mbao ni ya mcheri wa mlimani, yamazakura, ngumu na nyuzi zake zimebanana sawasawa, haipasukipasuki. Mchongaji hatumii patasi kwa mistari. Anatumia kisu kidogo kilichokatwa mshazari, anakishika kwa ngumi kama mtu anayechoma mshikaki, na kila mstari anaukata mara mbili, kila upande kwa mlalo, ili mstari usimame kama ukuta wenye msingi mpana. Patasi na nyundo huja baadaye kutoa ardhi. Umesema kweli kabisa, unachokiona kwenye picha ni kile ambacho chuma hakikukigusa. Na theluji, kwa picha za kweli za theluji, ni karatasi tupu iliyoachwa. Hakuna aliyepaka rangi nyeupe.

Lakini mchongaji ni mtu mmoja katika wanne. Zamani na hata enzi za Hasui kazi iligawanywa: mwenye duka anatoa fedha na kuamua, mchoraji anachora, mchongaji anachonga, mchapaji anachapa. Mchoro wa wino kwenye karatasi nyembamba hubandikwa kifudifudi juu ya ubao, husuguliwa mpaka ibaki ngozi tu na mistari ionekane, kisha kisu kinapita juu yake. Yaani mchoro wa mchoraji unaliwa na kazi. Haubaki.

Halafu kila rangi ina ubao wake, na pembeni mwa kila ubao kuna vipengee viwili, kimoja cha umbo la pembe, kingine mstari tu, karatasi inaketi hapo ili rangi ziangukie mahali pake. Wanaviita kento. Ukisikia hivyo unaona rahisi. Picha yangu ya kwanza ilikuwa paa la hekalu na mti mmoja, rangi tano tu. Karatasi huchapwa ikiwa na unyevu, na lazima ibaki na unyevu uleule mpaka mwisho. Mimi kati ya rangi ya tatu na ya nne nikaenda kunywa chai, hita ikiwaka. Karatasi ikakauka ikasinyaa kwa kadiri ya unene wa ukucha. Kijani kikaangukia nje ya mti. Mzee hakunigombeza, akatazama akasema, "Mti umetoka kutembea." Paka akaja akalala juu yake.

Mikwaruzo ya duara uliyoiona mgongoni, fundi, ni ya baren. Hiyo ni pedi ya mviringo inayokaa kiganjani: ndani kuna kamba iliyosokotwa kwa nyuzi za ganda la mwanzi, imezungushwa kama konokono, nje imefungwa kwa ganda la mwanzi lililonyooshwa. Rangi ya maji huchanganywa na uji mzito wa mchele, hupakwa kwenye ubao kwa brashi, karatasi inalazwa, kisha unasugua mgongo kwa uzito wa bega zima. Hapana mashine ya kugandamiza. Mimi nikichapa karatasi kumi kesho yake sishiki kikombe.

Na anga yako ya kijivu, itazame tena. Naamini juu imekolea na chini inafifia. Kule kufifia hakuchongwi. Mchapaji hupitisha kitambaa kibichi kwenye ubao, anapaka rangi upande mmoja tu wa brashi, na inambidi aifanye upya kwa kila karatasi. Ndiyo maana picha mbili za ubao mmoja hazina anga moja. Hiyo wanaiita bokashi, na ukitaka kumjua mchapaji mvivu, mtazame hapo.

Kaka wa Lamu, wewe ungempenda mchoraji Yoshida Hiroshi. Huyo aliwasimamia wachongaji na wachapaji wake mwenyewe, na picha alizozisimamia zina muhuri pembeni unaosomwa "jizuri", yaani imechapwa kwa mkono wake (pembeni, fundi, unanisikia?). 1937 alitoa picha ya geti la Yomeimon kule Nikko, geti lililojaa nakshi kuanzia juu mpaka chini, mazimwi, maua, watu, kama mlango wa Lamu uliozaa. Karatasi moja ilipita chini ya mkono mara 96. Mimi rangi tano zimenishinda.

Na wakubwa nao hukosea. Mchoraji Hiroshige ana picha ya hekalu la Kameido Tenjin, katika mfululizo wake wa mandhari ya Edo (ndiyo Tokyo ya zamani) wa 1856 hadi 1858: daraja la duara, bwawa, maua ya zambarau yananing'inia mbele. Katika nakala za mwanzo, ile nafasi iliyo chini ya daraja ambayo ilitakiwa iwe anga imepakwa bluu ya maji. Baadaye wakasahihisha. Mzee wetu ana nakala ya kisasa ameibandika chooni, anasema inamfariji.

KijiweCha_Raskazoni

Sawa, nimejifunza. Lakini bei hamjaitaja.

ZaituniMvita

Haikununulii bajaji, baba. Picha za Uchida zilichapwa kwa wingi kwa ajili ya watalii, na huku unazikuta kwenye masoko ya vitu vya kale zimepangwa kama mitumba. Ni picha halisi ya mbao, imechapwa kwa mkono, na ni ya bei ya kawaida. Yote hayo ni kweli kwa pamoja. Zojoji ya 1925 kama ingekuwa yenyewe, ya uchapaji wa mwanzo, hapo tungezungumza lugha nyingine. Ila hata hiyo, duka la Watanabe lililoitoa liliendelea kuichapa baadaye, na wanunuzi hutazama muhuri wa duka kwa lenzi wajue ni uchapaji wa lini. Watanabe huyo tetemeko la Septemba 1923 lilimteketezea duka lote na mbao zote, na Hasui akapoteza vitabu vya michoro yake. Zojoji ilikuja miaka miwili baada ya hapo. Mimi kila nikiitazama naona watu walioanza upya.

Fundi, nitumie ule muhuri mwekundu ulio ndani ya picha, si wa pembeni, nikamwoneshe mzee. Na kuhusu kuweka fremu, wewe ndiye fundi, ila nakuomba mambo haya: selotepu isiiguse kabisa, hadibodi isikae moja kwa moja mgongoni kwa maana itaitia rangi ya kahawia, na kioo kisilale juu ya karatasi. Tanga na Mombasa ni unyevu mmoja, kioo kikigusa karatasi kuvu anahamia na familia yake. Na jua lisiipige. Bluu huvumilia, waridi na zambarau hukimbia.

FremuTanga

Nimerudi, leo Jumapili. Nina deni la kuwaeleza ilivyokuwa.

Kwanza, Bi Zaituni alinijibu pembeni kwamba mzee wake amesoma muhuri wa ndani. Ni Tokuriki, Tokuriki Tomikichiro, mtu wa Kyoto hukohuko, wa ukoo uliokuwa ukichora kwa ajili ya hekalu la Nishi Honganji kwa vizazi. Nimeliandika jina kwa penseli kwenye kipande cha karatasi nikakitia ndani ya bahasha pamoja na ule mkanda.

Kazi nimeifanya hivi. Pande tatu sikuzigusa. Picha sikuigundisha kwa kitu chochote. Nimetumia zile pembe za karatasi tunazobandikia picha za harusi kwenye albamu, nne kwenye kona, picha inakaa inapumua. Upande niliokata hauna weupe, kwa hiyo kona mbili za kushoto zimekuwa na shida, zilikuwa zinafunika ukingo wa picha yenyewe. Nikazipunguza kwa wembe mpaka zikabaki kama ukucha wa mtoto. Mgongoni nimeweka karatasi nene ya pamba niliyonunua kwa wauza vifaa vya kuchorea, hadibodi ikaja nyuma yake. Chini ya kioo nimezungusha vijiti vyembamba vya msaji, unene wa kiberiti, kioo kisiifikie picha. Bahasha yenye mkanda iko nyuma, kati ya pamba na hadibodi, nimeandika juu yake USITUPE.

Kalenda nayo nimeiwekea fremu yake, nzuri tu. Haina kosa ile.

Mteja kaja Jumamosi saa nne. Nilikuwa nimejiandaa kumficha habari ya mkato, nakiri. Maneno nilikuwa nayo tayari: ilikuja hivyohivyo, mama. Lakini alipoingia akaenda moja kwa moja kwenye geti jekundu akaanza kulisifia, na mimi nikaona nikinyamaza hapa nitakuwa nimekata mara ya pili. Nikamkalisha kwenye kigoda. Nikampa lenzi. Akaona vidoti, akasema "Heee!", akaviona na vichwa vya tarehe, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa mtandio. Kisha nikafunga mlango wa kibanda, nikawasha tochi, nikamlazia mwanga kwenye anga ile nyingine.

Hakucheka. Alikaa kimya, akaniuliza, "Hizi ni nyuzi za mbao ya kweli?" Nikamwambia ndiyo. "Iliyokuwa mti." Ndiyo mama. "Na huyu aliyesugua, alijua kwamba nyuzi zitatoka?" Hapo sikuwa na jibu, nikamwambia nitauliza.

Halafu nikamwambia habari ya mkanda. Nikafungua nyuma, nikamtolea bahasha, nikamwonesha dirisha la vioo vinne na geti lenye mtu ndani, nikamweleza yalivyosomwa. Akaushika ule mkanda kwa ncha za vidole akautazama kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama picha.

"Kwa hiyo hili ndilo jina la duka lake, na wewe umelikata."

Ndiyo mama.

Ameamua geti jekundu liende juu ya makochi kama alivyopanga, wageni walifurahie. Ya mchanga itakaa chumbani kwake, ukuta usiopigwa na jua. Akafungua pochi, akahesabu fedha za fremu ya kalenda, kamili. Za fremu ya pili akahesabu nusu, akaziweka mezani, akanitazama.

Nimezipokea.

ZaituniMvita

Mwambie mama alijua. Mbao nyingine huchaguliwa kwa ajili ya nyuzi zake, na mzee wetu huzilowesha na kuzisugua kwa brashi ngumu kabla ya kupaka rangi, ili zitoke vizuri.

KijiweCha_Raskazoni

Fundi, mimi nina kalenda ya Japani ya miaka mingi, ina bustani na daraja. Nikuletee na lenzi?

FremuTanga

Lete. Lenzi ya fundi saa bado sijairudisha.